Somo: Umetoka Debian 11 kwenda 12? Usikimbilie autoremove

Wakuu, salama? Hili ni kwa waliokwishapanda kutoka Bullseye (Debian 11, mfumo wa Linux) kwenda Bookworm (Debian 12) na sasa mashine imebaki na laibrari za zamani. Apt yenyewe, programu inayosimamia vifurushi, inakuambia vifurushi kadhaa havihitajiki tena, na amri ya kuvifuta (autoremove) inakupa hapo hapo. Mimi niliitii bila kusoma orodha. Programu niliyoijenga kwa mkono ikagoma palepale:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file

Kisa chenyewe ni hiki. Bookworm, iliyotoka Juni 2023, inatumia OpenSSL 3 (laibrari ya usimbaji fiche), hivyo libssl1.1, kifurushi cha OpenSSL ya zamani (1.1.1), kilibaki yatima. Apt inafuata mahitaji ya vifurushi tu. Ulichokijenga mwenyewe ukakiweka /usr/local, haina habari nacho.

Hatua ya 1. Tazama vilivyobaki bila kugusa kitu:

apt list '~o'
apt -s autoremove

Ya kwanza inaonyesha vifurushi vilivyomo kwenye mashine lakini havipo tena kwenye hazina yoyote uliyoiweka. Ya pili inaigiza kufuta. Herufi s ndiyo kinga yako.

Hatua ya 2. Uliza nani anaitegemea:

apt-cache rdepends --installed libssl1.1

Jina la kifurushi likitokea chini, huyo ndiye anayeing'ang'ania. Mara nyingi ni programu ya nje uliyoipakua kama .deb. Tafuta toleo lake la Bookworm kwanza.

Hatua ya 3, ambayo wengi tunairuka. Kagua vya kwako mwenyewe kwa ldd, inayoonyesha programu inahitaji laibrari zipi:

for f in /usr/local/bin/*; do ldd "$f" 2>/dev/null | grep -q libssl.so.1.1 && echo "$f"; done

Kila jina litakalotoka, ijenge upya programu hiyo. Kama una vitu /opt, rudia huko pia. Kama huna nafasi leo, izuie laibrari isifutwe:

sudo apt-mark manual libssl1.1

Ila usiiache hapo miaka. Msaada wa bure wa OpenSSL 1.1.1 kutoka kwa mradi wenyewe ulikoma Septemba 11, 2023.

Hatua ya 4. Orodha ikiwa safi, sudo apt autoremove. Basi.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwani siwezi kutengeneza tu kiungo, libssl.so.1.1 ielekee libssl.so.3? Jamaa yangu alinishauri hivyo.

Jibu: Hapana kaka. Namba ile ni ahadi kwa programu kwamba ndani itakuta vitu vilevile ilivyojengewa. Ukiidanganya itakujibu version `OPENSSL_1_1_0' not found, na utakuwa umejiongezea uchafu ambao apt haiujui. Kifute hicho kiungo kama umeshakiweka.

Swali: Mimi nimeshaifuta libssl1.1, lakini seva yangu bado inafanya kazi kama kawaida. Nimepona?

Jibu: Bado. Programu iliyokuwa inakimbia inaendelea kushika faili la zamani kwenye memori hata baada ya kufutwa. Jaribu sudo lsof | grep 'DEL.*\.so' uone, kisha iwashe upya huduma hiyo ungali macho. Usisubiri umeme ukatike usiku ndipo ugundue haiwaki.

Swali: Samahani mwalimu, ldd ni salama kwa faili lolote?

Jibu: Swali zuri, dada. Kwa faili usiloliamini, hapana, kwa sababu inaweza kuishia kuliendesha. Tumia objdump -p jina_la_faili | grep NEEDED. Hiyo inasoma tu.

Swali: Kwenye dpkg -l (orodha ya vifurushi) naona mistari inaanza na rc. Ndiyo laibrari zilizobaki?

Jibu: Hapo kifurushi kimeshaondoka, yamebaki mafaili ya mipangilio. Ziangalie kwa apt list '~c', na kama huna unachokihitaji humo, sudo apt purge '~c'.