Namna ya Kugawa Baraka kwa Ukarimu na Busara
Mkristo wa Goma anayetaka kugawa alichobarikiwa na atenge fungu lake siku ya kwanza ya juma, kama Paulo alivyowaagiza Wakorintho, kwa sababu sadaka inayosubiri mabaki ya mwisho wa mwezi mara nyingi haitoki. Fungu hilo lisitokane na mkopo wala na ada ya shule ya watoto.

Kabla ya kutoa, aulize. Volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, familia zilizopoteza nyumba zilihitaji mahali pa kulala, maji safi, sufuria na makala (mkaa wa kupikia), kwa maana gunia la maharage bila makala (nayo maharage huchelewa kuiva!) ni nusu ya msaada. Anayepokea wakimbizi nyumbani akubaliane kwanza na mwenzi wake kuhusu chakula, vitanda na muda wa kukaa, ili ukarimu usigeuke manung'uniko. Kwa mjane mwenye nguvu, mtaji mdogo wa kuuza sombe (majani ya muhogo), kwa maoni yangu, hufaa kuliko unga wa kila juma.

Msaada ukabidhiwe faraghani, ikiwezekana kupitia kiongozi wa jumuiya anayeifahamu familia hiyo, wala asipigwe mtu picha.