Kupaka nanokristali juu ya perovskaiti ya matabaka bila kuua kijani

Fikiria bati na pipa la mvua. Perovskaiti ya matabaka (fuwele zilizopangana tabaka juu ya tabaka) ndo bati, inadaka mwanga, alafu nishati inateremka kwenye nanokristali, yaani vifuwele vidogo mno vinavyowaka, ambazo ndo pipa. Ila haiteremki hivi hivi, mwanga ambao matabaka yangetoa lazima uwe ule ambao nanokristali zinaumeza. Kwa matabaka mi natumia PEA2PbBr4, inawaka zambarau kama nm (nanomita) 410, na kwa nanokristali CsPbBr3 ya kijani, karibu nm 515. Zote bromaidi (zenye bromini) makusudi, ukiweka ayodaidi (yenye ayodini) upande mmoja zinabadilishana ayoni, rangi zinahama na unajikuta unapima kitu kingine kabisa.

Anza na matabaka. Yeyusha PEABr na PbBr2, chumvi mbili zinazojenga matabaka, kwa uwiano wa moli 2:1 kwenye DMF (kiyeyushi), dondoshea kwenye kioo kisafi juu ya mashine ya kuzungusha, kisha hoti pleti 100 °C kama dakika 10. Filamu, yaani utando unaobaki kwenye kioo, iwe nyembamba, maana nishati inaruka umbali wa chini ya nm 10 hivi, ya mbali nyingi inaishia njiani. Iache ipoe.

Sasa nanokristali, na usigeuze mpangilio! Mi mara ya kwanza nilizitanguliza chini nikamwagia DMF juu, kijani kikafutika nikiangalia, kazi ya siku mbili kwishnei. Ziwe kwenye hekseni, kiyeyushi ambacho hakiyeyushi matabaka. Zioshe kwanza na methili asetati kwa sababu oleilamini (molekuli za koti la nanokristali) iliyozidi inajipenyeza kwenye matabaka na kuyavuruga, ila usizidishe, zikivuliwa koti lote zinagandamana.

Kwenye kupima, tochi ya UV itakudanganya. Nanokristali zenyewe zinameza nm 365 za hiyo tochi, kwahiyo kijani utakiona hata kama hakuna kilichoteremka. Tengeneza sampuli tatu: matabaka peke yake, nanokristali peke yake, na mchanganyiko. Zambarau kufifia kwenye mchanganyiko haitoshi, hata filamu iliyoharibika inafifia. Shika kipimo cha mwanga unaotoka kwenye nm 515, pitisha mwanga unaoingia rangi moja moja, ukiona kinundu karibu na nm 400 ambacho nanokristali peke yake hazina, hapo matabaka yanalisha kijani kweli.

Na glovu tafadhali, hii kitu ina madini ya risasi (Pb) na DMF inapenya ngozi, mabaki yaende kwenye chupa ya taka, sio sinki.