Jaribio la mzigo linapogonga mwamba: kutafuta kikomo cha miunganisho kwenye seva

Tovuti ya kukata tiketi za shatoli za Nairobi, Nakuru na Kisumu hutulia miezi mingi. Ikifika wiki ya Krismasi, kila mtu anatafuta kiti cha kwenda nyumbani saa ileile. Tovuti ya namna hiyo hupimwa mapema, Oktoba au Novemba, na kipimo chenyewe mara nyingi hukwama kabla ya pale ulipotarajia: watumiaji 200 wanapita vizuri, ukifika 300 maombi yanaanza kuanguka, ilhali CPU iko asilimia 20 na RAM bado ipo. Ukiona CPU imelala huku maombi yanaanguka, karibu kila mara kuna kikomo cha miunganisho mahali fulani.

Vikomo hivyo viko tabaka juu ya tabaka: mashine inayopima, kerneli (kiini cha Linux), nginx (inayopokea wageni wa tovuti), PHP-FPM (inayoendesha msimbo wa PHP), hifadhidata. Kosa linaloharibu kazi ni kunakili mistari ishirini ya sysctl (mipangilio ya kerneli) na kuongeza kila namba kwa pamoja. Hutajua kilichosaidia, na huenda umesogeza tatizo tu kutoka mlangoni hadi kwenye hifadhidata, ambako linaumiza zaidi. Tafuta kwanza tabaka linalokataa.

Mifano ya hapa inachukulia seva ya Ubuntu 22.04 yenye CPU 2 na RAM ya GB 2, inayoendesha nginx, PHP-FPM 8.1 na MySQL 8.0. Pima seva yako tu, au ile ambayo mwenyewe amekupa ruhusa ya maandishi. Kuvuruga mfumo wa mtu bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya uhalifu wa kompyuta. Mwarifu pia anayekukodishia seva, asije akadhani umevamiwa akakufungia.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kupimia

Usipime kutoka kwenye laptopu yako ya Milimani kupitia WiFi. Ruta ya nyumbani ina jedwali lake dogo la miunganisho, nalo hujaa kabla seva haijatoka jasho. Tena, kama seva iko Frankfurt, safari ya kwenda na kurudi kutoka Kisumu ni zaidi ya milisekunde 100, kwa hiyo namba utakazopata ni za njia, si za seva. Kodi mashine ndogo ya pili katika kituo kilekile cha data kwa saa chache, upime kupitia anwani ya ndani, tuseme 10.0.0.5. Ukimaliza, izime.

Hatua ya 2: Panda ngazi polepole

Weka wrk, programu inayotuma maombi mengi kwa pamoja, kwenye mashine ya kupimia, kisha (`-c` ni idadi ya miunganisho):

```
wrk -t2 -c50 -d60s --latency http://10.0.0.5/tafuta.php
```

Rudia kwa 100, 200, 400, 800. Kila ngazi andika maombi kwa sekunde, muda wa asilimia 99 (ambao maombi 99 kati ya 100 yalijibiwa ndani yake), na mstari wa makosa, kwa mfano:

```
Socket errors: connect 0, read 12, write 0, timeout 40
```

Mstari huu una maana kubwa. Makosa ya `connect` yanaelekeza kwenye mashine inayopima, au kwenye mlango uliofungwa kabisa. `read` ni kwamba muunganisho ulifunguka, kisha upande wa pili ukaukata. `timeout` ni kwamba jibu halikufika ndani ya sekunde 2, muda ambao wrk hutumia usipoibadilisha. Hapo kuna foleni mahali fulani. Na kama kuna mstari wa `Non-2xx or 3xx responses`, seva ilijibu, ila ilijibu kwa kukataa. Hapo nenda moja kwa moja kwenye logi.

wrk huufungua muunganisho na kuutumia tena na tena. Abiria wa kweli hawaji hivyo. Kila simu hufungua wake. Kwa hiyo kila ngazi ipime mara mbili, ya pili ukiongeza `-H "Connection: close"`. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni gharama ya kufungua mlango, na vikomo vingi vya kerneli hujificha hapo.

Hatua ya 3: Soma dalili kabla ya kugusa chochote

Kipimo kikiendelea, fungua terminali tatu kwenye seva:

```
tail -f /var/log/nginx/error.log
dmesg -wT
watch -n1 'ss -s; ss -lnt; nstat -az | grep -i listen'
```

Ya kwanza (logi ya nginx) na ya pili (logi ya kerneli) hueleza waziwazi mara nyingi. Hatua zinazofuata zinachukua ujumbe mmoja mmoja.

Hatua ya 4: Hakikisha si mashine inayopima

Watu wengi huruka hapa, wakaishia kurekebisha seva isiyo na kosa. Kila muunganisho ni soketi, na kwa kerneli soketi huhesabiwa kama faili iliyofunguliwa. Ganda la kawaida huruhusu 1024. Ukiendesha `-c2000` bila kubadilisha hilo, makosa ya `connect` ni yako mwenyewe:

```
ulimit -n 20000
```

Kikomo cha pili ni poti. Linux hutoa poti za muda kuanzia 32768 hadi 60999, yaani 28,232 kwa kila anwani unayoipiga. Upande uliofunga muunganisho kwanza hubaki na soketi katika hali ya TIME_WAIT, yaani ya kungoja kabla ya poti kuachiliwa, kwa sekunde 60. Gawanya 28,232 kwa 60: kama anayefunga kwanza ni mashine inayopima, huwezi kudumisha zaidi ya miunganisho mipya 470 hivi kwa sekunde kuelekea anwani moja na poti moja. Ukiona kipimo kimeganda hapo bila kujali unaongeza nini, endesha `ss -tan state time-wait | wc -l`. Namba ikikaribia 28,000, umepata jibu. Panua masafa:

```
sysctl -w net.ipv4.ip_local_port_range="10000 65535"
sysctl -w net.ipv4.tcp_tw_reuse=1
```

`tcp_tw_reuse` husaidia upande unaopiga tu, si unaopokea. Mwongozo wowote unaokwambia uwashe `tcp_tw_recycle` umepitwa na wakati: iliondolewa katika Linux 4.12, na kabla ya hapo ilikuwa inawakatia mtandao wateja walio nyuma ya anwani moja.

Tatizo hilihili la poti hutokea ndani ya seva kama nginx inapeleka maombi kwa programu iliyo 127.0.0.1:8080. Logi husema `99: Cannot assign requested address`. Dawa yake ni kuweka `keepalive 64;` ndani ya `upstream`, pamoja na `proxy_http_version 1.1;` na `proxy_set_header Connection "";`. Ukiacha moja kati ya hizo tatu, haifanyi kazi.

Hatua ya 5: Faili na worker_connections

Ujumbe wa kutafuta ni miwili:

```
768 worker_connections are not enough
accept4() failed (24: Too many open files)
```

Ubuntu huja na `worker_connections 768` kwa kila mchakato wa kazi. CPU 2 ni michakato miwili, jumla 1,536. Lakini hesabu hiyo inajumuisha miunganisho ya kwenda PHP-FPM pia, kwa hiyo kila ombi la PHP linakula mbili, na wateja halisi ni nusu: 768 hivi. Katika `/etc/nginx/nginx.conf`, juu kabisa, nje ya `events`:

```
worker_rlimit_nofile 16384;
```

na ndani ya `events`:

```
worker_connections 4096;
```

Cha kwanza kiwe angalau mara mbili ya cha pili. Endesha `nginx -t`, kisha `systemctl reload nginx`, na uthibitishe kwa kuangalia mchakato wenyewe, si faili ya mipangilio:

```
grep 'open files' /proc/$(pgrep -f 'nginx: worker' | head -1)/limits
```

Kuhariri `/etc/security/limits.conf` hakubadilishi chochote hapa. Faili hiyo inahusu watumiaji wanaoingia kwenye mfumo; huduma zinazowashwa na systemd haziisomi. Kwa huduma isiyo na mpangilio kama wa nginx, tumia `systemctl edit` na uweke `LimitNOFILE=` chini ya `[Service]`.

Hatua ya 6: Foleni ya kerneli

Hapa logi ya nginx hukaa kimya kabisa, kwa sababu muunganisho haujawahi kuifikia. Dalili yake ni ya kipekee: maombi mengi yanajibiwa kwa milisekunde 20, lakini kundi dogo linachukua sekunde 1 na ushee, jingine 3, jingine 7. Hakuna PHP inayochelewa kwa mpangilio wa namna hiyo. Ni mteja aliyetuma pakiti ya kwanza, foleni ikawa imejaa, kerneli ikaitupa bila kusema neno, naye akarudia baada ya sekunde 1, kisha 2 zaidi, kisha 4 zaidi. wrk itayaita mengi ya hayo `timeout`, kwa hiyo ongeza `--timeout 10s` ili uyaone.

Angalia `ss -lnt`. Kwa soketi inayosikiliza, Send-Q ni ukubwa wa foleni, Recv-Q ni waliomo sasa hivi. Kwa nginx, Send-Q itakuwa 511. Recv-Q ikigusa hapo, au `TcpExtListenOverflows` ikipanda kila sekunde, foleni inamwagika. Ukubwa halisi ni namba ndogo kati ya mbili: ile ambayo programu imeomba na `net.core.somaxconn`. Tangu Linux 5.4 somaxconn ni 4096. Kwenye kerneli za zamani ni 128, na hapo kuomba 511 hakukusaidii. Katika mipangilio ya nginx, badilisha mstari wa `listen` uwe `listen 80 backlog=2048;` kisha washa nginx upya.

Ila fikiri kabla ya kurefusha. Foleni ndefu inafaa kwa msukumo wa ghafla, kama ujumbe wa ofa uliotumwa kwa wateja wote saa moja asubuhi. Kama mzigo ni wa kudumu, foleni ndefu inaongeza tu muda wa kungoja.

Hatua ya 7: Jedwali la ngome (firewall)

Dmesg ikisema `nf_conntrack: table full, dropping packet`, linganisha `nf_conntrack_count` na `nf_conntrack_max` zilizo ndani ya `/proc/sys/net/netfilter/`, kisha ongeza ya pili. Kila muunganisho uliofungwa hubaki humo kwa sekunde 120, ndiyo maana jedwali hujaa hata watu wakiwa wachache.

Hatua ya 8: PHP-FPM na hifadhidata

Kwa seva za ukubwa huu, mwamba wenyewe huwa hapa. Ujumbe uko katika `/var/log/php8.1-fpm.log`:

```
server reached pm.max_children setting (5), consider raising it
```

(`max_children` ni idadi ya juu ya michakato ya PHP inayofanya kazi kwa pamoja), na kwa nginx mwenzake ni `connect() to unix:/run/php/php8.1-fpm.sock failed (11: Resource temporarily unavailable)`, ambao mteja anauona kama 502.

Tano ndiyo namba inayokuja na kifurushi. Usiiruke kwenda 200. Pima kwanza mchakato mmoja unakula RAM kiasi gani, kipimo kikiendelea:

```
ps --no-headers -o rss -C php-fpm8.1
```

Namba ziko kwa KB. Tuseme wastani ni MB 50. Toa MB 700 za MySQL na mfumo kutoka GB 2, zinabaki MB 1,300 hivi. Gawanya kwa 50 upate 26. Ukizidisha, seva itaanza kuandika kumbukumbu kwenye diski, na kerneli ikibanwa kabisa itaua mchakato mkubwa kuliko yote, ambao kwa kawaida ni MySQL.

Sasa fanya hesabu inayofaa kubandikwa ukutani: michakato 26, kila ombi likichukua sekunde 0.25, ni maombi 104 kwa sekunde. Basi. Hakuna namba ya nginx wala ya kerneli itakayokuvusha hapo. Unaweza kupokea miunganisho 4,000, wote wakakaa kwenye foleni. Ukipunguza ombi hadi sekunde 0.1, seva ileile, RAM ileile, inafika 260. Kwa hiyo hapa ndipo muda wako utumike. Washa `slow_query_log` ya MySQL uweke `long_query_time` 0.1, na uchunguze hoja ya kutafuta viti kwa `EXPLAIN`. Ukikuta inasoma jedwali zima la safari, faharasa moja juu ya njia na tarehe itafanya kazi kuliko sysctl zote za hapo juu.

Kikomo cha MySQL chenyewe ni miunganisho 151, na kosa lake ni `1040: Too many connections`. Kwa PHP 26 hutalifikia. Litakujia siku utakapoongeza seva mbili au tatu za PHP zinazotumia hifadhidata moja. Jumlisha `max_children` za zote, kisha ongeza kumi za kazi za nyuma na za msimamizi. PostgreSQL huanza na 100, na kila muunganisho wake ni mchakato kamili, kwa hiyo hapo weka PgBouncer, programu inayogawana miunganisho michache kwa maombi mengi, katikati badala ya kupandisha namba.

Hatua ya 9: Anwani moja, watu wengi

Ukikuta 503 na logi inasema `limiting connections by zone`, umezuiwa na `limit_conn` yako mwenyewe (kikomo cha nginx cha miunganisho kwa kila anwani), kwa kuwa kipimo chote kinatoka anwani moja. Usiiondoe tu ukasonga mbele. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo abiria aliye Kakamega na mwingine aliye Bondo wanaweza kuonekana kwa seva kama mtu mmoja. Kikomo cha miunganisho 10 kwa anwani kitawafungia wateja halali wiki ile unayowahitaji. Kipandishe kwa kurasa za kawaida, uache kikali kwenye ukurasa wa kuingia na wa malipo, na ikiwezekana huko hesabu kwa kuki ya kikao badala ya anwani.

Mabadiliko ya `sysctl -w` hupotea seva ikizimwa. Yale yaliyothibitika kusaidia upande wa seva yaandike katika `/etc/sysctl.d/90-mzigo.conf`, mstari mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa na maelezo ya ujumbe uliokufanya uuweke. Washa seva upya, kisha rudia ngazi ya 400, mara zote mbili, ulinganishe na namba ulizoandika katika hatua ya 2.