Kabla ya Kufunga Nyumba: Mabomba, Tangi na Hita ya Maji

Anayefunga nyumba yake Dar es Salaam au Mombasa kwa miezi kadhaa hukumbuka makufuli na geti, ilhali hasara kubwa huletwa na maji yanayorudi wakati hakuna mtu. Kwenye mitaa ya mgao mtu hufungua koki, asione hata tone, akaondoka bila kuifunga. Niliwahi kupoteza makabati ya jikoni kwa koki moja ya namna hiyo. Jirani alishtuka alipoona maji yakitoka chini ya mlango.

Anza na mita. Funga koki zote, acha valvu kuu wazi, kisha itazame mita kwa nusu saa. Ikiendelea kuzunguka na tangi limekwisha kujaa, kuna mvujo, na mara nyingi utaukuta kwenye boya la tangi au ndani ya kisanduku cha choo. Mvujo ukishazibwa, funga valvu kuu na ufungue koki ya uani inayopokea maji ya mtaani moja kwa moja. Ikiwa bado inadondosha baada ya bomba kuisha maji, valvu hiyo imelika ndani na haina budi kubadilishwa. Penye kisima, zima pampu kabisa, kwa kuwa pampu inayojiwasha yenyewe ikikutana na bomba lililopasuka itasukuma maji hadi kisima kikauke au mota iungue.

Hita yenye tangi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kwa safari ya wiki mbili au tatu inatosha kuizima. Ukikaa miezi, hasa kama maji yako ni ya chumvichumvi yanayokula chuma, ni afadhali kuimwaga: zima umeme, iache ipoe usiku kucha, funga maji yanayoingia, fungua koki ya moto ili hewa ipite, kisha mwaga kupitia valvu iliyo chini ya hita. Wengi hudhani koki ya moto pekee itaimaliza. Haiwezi, kwa sababu bomba la maji ya moto huchota karibu na kilele cha tangi, na sehemu kubwa ya maji hubaki humo. Bandika karatasi kwenye swichi, kwani hita ikiwashwa ikiwa tupu, koili yake huungua.

Tangi la plastiki lililo juu ya mnara lisiachwe tupu bila kufungwa kamba, maana upepo unaweza kuliangusha. Mfuniko ukaze, na bomba la kufurikia lizibwe kwa wavu: mbu wa dengue hutaga humo, na mayai yao hustahimili ukavu kwa miezi.

Katika masinki na vitundu vya bafuni, mimina maji kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Maji yaliyo kwenye kona ya bomba yakikauka, harufu na mende hupanda kutoka shimo la maji taka.

Ukirudi, fungua valvu kuu polepole na uache koki ya moto wazi hadi maji yatoke mfululizo bila kutema hewa, ndipo uwashe hita. Ipashe hadi nyuzi 60 au zaidi, kisha yaachie maji ya kwanza yamwagike, dirisha likiwa wazi na wewe ukiwa nje ya bafu, kwa sababu bakteria wa Legionella huzaliana katika maji ya uvuguvugu yaliyotuama na huingia mapafuni kwa matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani.