Kabla hujapanda Kitulo na kamera: maandalizi ya kupiga maua ya porini na wadudu kwa karibu

Anayetaka kuanza kupiga picha za karibu takriban kila mara huanza na swali la lenzi. Ninunue ipi, na kwa bei gani? Swali halina ubaya, ila limewahi mno. Ua la porini limesimama kwenye kishina chembamba kinachotikiswa hata na pumzi yako, na mdudu aliyetua juu yake hana mpango wa kukungoja urekebishe mitambo. Picha nyingi za wanaoanza huharibiwa na mtikisiko na papara, na vyote viwili vinaweza kupunguzwa kabla hujatoka nyumbani. Mfano nitakaoutumia ni Kitulo, kwa sababu kwa mtu aliyeko Tanzania anayetaka maua, hakuna pa kupafananisha.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, ikizungukwa na milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, ikiwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Inatajwa kuwa na aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo maua ya jamii ya okidi peke yake ni 45. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mpiga picha ajue pia jambo ambalo mabango ya utalii hayasemi kwa sauti: sehemu kubwa ni nyasi tupu, hakuna miti ya kukata upepo.

Suala la kwanza ni tarehe. Maua huchanua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, na miezi hiyo ndiyo ya mvua. Hapa hakuna ujanja. Anayekwenda Julai ili akwepe matope atapokelewa na nyasi zilizokauka na baridi inayoweza kuleta sakitu alfajiri. Kwa hiyo kubali mvua, halafu panga safari kuizunguka. Njia ya kawaida ni kuacha barabara kuu ya Mbeya pale Chimala na kupanda kwenda Matamba, kwa kona kali ambazo watu wa huko huziita Hamsini na Saba. Msimu wa mvua usiende na gari dogo kwa kutegemea bahati. Uliza hali ya barabara siku moja kabla. Uliza pia viwango vya kiingilio na namna ya kulipa, maana taratibu za hifadhi hubadilika na si vizuri kugundua hilo ukiwa getini.

Mahali pa kulala ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ya saa. Unataka kuwa mbele ya ua jua linapochomoza, wala si saa nne asubuhi ukiwa bado unapanda kona. Jua linapochomoza upepo huwa umelala. Mdudu naye hategemei joto la mwili wake mwenyewe kama sisi. Misuli ya mabawa yake haifanyi kazi vizuri mpaka ipate joto, ndiyo maana alfajiri ya baridi utamkuta nyuki amening'inia chini ya ua, ana matone ya umande mgongoni, hasogei. Kipepeo atapanua mabawa na kuota jua kabla ya kuruka, na hapo una dakika kadhaa za kumkaribia taratibu. Jua likishapanda, wadudu wanachangamka, upepo unaanza, na mchana mawingu ya mvua yanajikusanya. Ukichelewa, umebakiwa na mandhari.

Sasa vifaa, na nianze na simu kwa kuwa wengi ndiyo waliyonayo. Simu nyingi za miaka hii zina hali ya picha za karibu, lakini hukulazimisha usogee mpaka sentimita tatu au nne. Kwa umbali huo simu yenyewe inatupa kivuli juu ya ua, na mdudu mwenye akili ameshaondoka. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu husaidia kidogo, na bei yake si ya kuumiza. Ushauri wangu kwa mwenye simu ni kuanza na maua, na wadudu wa mwendo wa pole kama viwavi, au vunjajungu ambaye hukaa palepale akiamini hujamwona.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi ana njia tatu. Ya rahisi kuliko zote ni pete ya kugeuzia lenzi, unayoifunga ili lenzi ya kawaida ikae kinyumenyume. Inakuza vizuri, lakini fokasi, yaani kulenga ukali, ni ya mkono, na kama lenzi yako haina pete ya kubadilisha tundu la kupitisha mwanga, huna namna ya kulidhibiti. Njia ya pili ni mirija mitupu inayokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni nyepesi: mrija wa milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 unakuongezea ukuzaji wa nusu ya ukubwa halisi. Chagua yenye viunganishi vya umeme, vinginevyo utapoteza fokasi ya kamera na udhibiti wa tundu. Ya tatu ni lenzi ya makro yenyewe, iliyotengenezwa kwa picha za karibu, na kwa wadudu ile ya milimita 90 hadi 105 ina faida dhidi ya fupi, kwa kuwa inakuacha mbali kidogo na mdudu kwa ukuzaji uleule. Kama fedha ni ya mawazo, mimi ningenunua mirija kwanza, kinachobaki kiende kwenye buti na koti la mvua.

Kabla hujafunga begi, fanya jaribio moja mezani. Chukua rula ya mtoto wa shule, ilaze, ipige picha kwa pembe ukiwa karibu kadiri kifaa chako kinavyoruhusu, kisha ikuze picha hiyo na uhesabu ni milimita ngapi zinasomeka vizuri. Kwa lenzi ya makro kwenye ukubwa halisi, yaani mdudu wa sentimita moja anachukua sentimita moja ya sensa (sehemu ya kamera inayopokea picha), tundu la f/11 kwenye kamera yenye sensa kubwa linakupa kama milimita moja tu yenye ukali. Ukibana tundu mpaka f/22 unaongeza kina cha sehemu yenye ukali, lakini picha nzima inaanza kuwa laini kwa sababu mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Ndiyo maana wengi hubaki kati ya f/8 na f/11.

Milimita hiyo moja ndiyo inayoamua mengine yote. Ukimpiga kipepeo akiwa amefunga mabawa, kamera iwe sambamba na bawa, la sivyo ncha moja itaonekana na nyingine itayeyuka. Ukimpiga mdudu usoni, ukali uwe machoni. Miguu ikififia hakuna atakayelalamika. Hata mkono uwe imara namna gani, mwili wako unayumba zaidi ya milimita moja, kwa hiyo funga fokasi mahali pamoja, jongea mbele na nyuma taratibu sana huku ukipiga picha mfululizo, halafu chagua baadaye. Jizoeze hivyo nyumbani kwa wiki kadhaa, kwenye magugu ya ukutani na maua ya barabarani baada ya mvua. Aliye pwani ya Kenya ana mahali pazuri zaidi pa mazoezi: mradi wa Kipepeo pale Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioanza mwaka 1993, una nyumba ya vipepeo ambao hawatoroki kirahisi.

Ukishazoea, utaanza kuona vitu ambavyo jicho tupu hupita. Tazama yule mdudu mdogo mwenye mistari ya njano na nyeusi anayening'inia hewani juu ya ua. Utasema ni nyuki. Kwenye picha hesabu mabawa: nyuki ana manne, huyu ana mawili. Macho yake yamechukua karibu kichwa chote, na vipapasio vyake ni vifupi mno. Ni nzi aliyevaa sare ya nyuki ili ndege wamwogope, na hana mwiba wowote. Tazama pia ua ambalo nyuki ametulia kupita kiasi, hata ukimsogelea hastuki. Mara nyingi chini yake kuna buibui wa rangi ileile ya ua, ameshamshika shingoni.

Mwanga na upepo vinahitaji vitu ambavyo havipatikani duka la kamera. Mwavuli mweupe hulainisha jua kali, hukinga upepo, na mvua ikija unafanya kazi yake ya kawaida. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo chenye kazi tatu. Mwenye fleshi aifunike kwa karatasi nyeupe au kipande cha kopo la plastiki lenye ukungu, isogee karibu na ua, na mwanga utakuwa mpana na laini. Fleshi pia hugandisha mtikisiko, kwa sababu inawaka kwa muda mfupi kuliko shata (pazia la kamera) inavyofunguka. Tripodi ni ya maua, hasa alfajiri kabla ya upepo. Kwa wadudu ni mzigo: ukimaliza kukaza miguu mitatu, yeye yuko ua la pili.

Mwili nao uandaliwe. Utapiga magoti na kulala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, basi chukua kipande cha turubai na kipande cha sponji cha kuweka magotini. Vaa suruali ndefu na buti. Baridi ya alfajiri inataka sweta na koti, na mchana jua la mwinuko ule linachoma hata likiwa nyuma ya mawingu. Usijipulizie manukato, wala dawa ya mbu mikononi halafu ushike shina. Dawa hiyo inawadhuru haohao uliowafuata. Usipange kamera yako karibu na mzinga ili upate nyuki wengi. Nyuki wetu si wa mzaha. Ukifanya mazoezi maeneo ya joto, jua upupu unafananaje, na viwavi wenye manyoya uwapige picha bila kuwagusa.

Kwenye begi weka betri ya akiba na uitunze mfuko wa ndani wa koti, maana baridi huimaliza haraka. Vifuko vile vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie pamoja na lenzi. Ukirudi chumbani chenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto yenyewe, vinginevyo kioo kitashika ukungu ndani na nje.

Limebaki jambo la okidi, nalo ni zito. Viazi vya okidi za ardhini, za jamii kama Disa, Satyrium na Habenaria, huchimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Anayechimba huchukua kiazi kipya kilichobeba mwaka ujao, na mmea umekwisha. Picha yako nzuri yenye alama ya mahali ni ramani kwa mchimbaji. Kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye simu na kamera kabla ya kuingia, na ukichapisha, andika "Kitulo" inatosha. Usichume, usikate majani yanayokuziba, yakunje kwa mkono kisha uyaachie. Usilale juu ya okidi tatu ili upate ya nne. Na ile mbinu ya kumweka mdudu kwenye friji ili apoe na akae kimya, waachie wanaoitumia. Alfajiri ya Kitulo inampoza bure.

Mwisho, beba daftari. Picha ya ua peke yake mara nyingi haitoshi kulitambua. Baada ya picha yako ya sanaa, piga nyingine za kawaida: jani mbele na nyuma, shina, ua kwa ubavu, na mmea mzima ukiwa na kalamu kando yake kuonyesha ukubwa. Ukiziweka kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu hutambua viumbe kwa picha, mtandao huo huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, ila kwa okidi mimi huficha mwenyewe bila kusubiri, kwa sababu mpaka mtu aitambue kwa jina sahihi, mfumo haujui kwamba inastahili kufichwa.