Ukaguzi wa upepo Florida: pesa ya bima iko darini

Kwa mwenye nyumba Florida, upepo ndio unaopandisha ada ya bima. Sheria ya jimbo inazitaka kampuni za bima zikupunguzie ukithibitisha kwamba nyumba inahimili kimbunga, na uthibitisho huo ni fomu moja, OIR-B1-1802. Punguzo hukatwa kwenye fungu la upepo tu, si ada yote. Kazi yangu ni kuijaza fomu hiyo. Hivi ndivyo unavyojiandaa.

1. Tafuta vibali vya ujenzi wa nyumba na paa. Baada ya Kimbunga Andrew cha 1992 kanuni za ujenzi zilikazwa, na zile za jimbo zima zikaanza Machi 1, 2002. Kinachotazamwa ni tarehe ya kuomba kibali, si siku paa lilipokamilika. Nakala ziko ofisi ya ujenzi ya mji au kaunti yako.

2. Ondoa maboksi chini ya mlango wa dari. Nisichokipiga picha sikiandiki.

3. Tazama kenchi zinapokalia ukuta. Hapa usifanye haraka. Chukua tochi, sogeza sufi ya kuzuia joto. Ukiona misumari iliyopigwa mshazari tu, hilo ni daraja la chini. Kipande cha chuma kilichoshika kenchi upande mmoja ni afadhali. Ukanda wa chuma uliopita juu ya kenchi na kupigiliwa pande zote mbili ni bora zaidi. Sasa hesabu misumari. Kipande cha upande mmoja chenye misumari miwili kwenye kenchi huhesabiwa kama hakipo, kwa sababu fomu inataka mitatu. Nyumba nyingi za zamani zina miwili. Mwite fundi aongeze wa tatu kwenye kila kenchi kabla hujaniita, maana fomu huandika kiungo dhaifu kuliko vyote, si kilicho kizuri.

4. Madirisha: yote au basi. Dirisha dogo la choo lisilo na kinga dhidi ya vitu vinavyorushwa na upepo linatosha kukunyima punguzo la madirisha yote. Kama pesa haitoshi kumaliza nyumba nzima, anza na darini.

5. Umbo la paa huwezi kulibadili. Lenye miteremko pande zote hupata punguzo. La mgongo wa tembo halipati.

6. Chagua mkaguzi. Awe na leseni: mkaguzi wa nyumba aliyefunzwa kazi hii, mkandarasi, mhandisi au msanifu majengo. Anayekutajia punguzo kabla hajapanda darini, achana naye. Kabla ya kulipa, angalia mpango wa jimbo wa My Safe Florida Home: hukagua bure, na fedha zikiwapo huwapa wanaostahili ruzuku ya dola 2 kwa kila dola 1 yako, hadi dola 10,000.

7. Tuma fomu pamoja na picha kwa wakala wako, ubaki na nakala. Inadumu hadi miaka 5, lakini ukiezeka upya usisubiri. Mwambie fundi apige picha misumari ya mbao za paa kabla hajazifunika.