Ruhuka kapanda mlima, na wewe bado unakata miti ya mruka?

Wakulima wa kahawa Kilimanjaro, hasa nyie wenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya katikati na juu mlimani, msijidanganye kwamba ruhuka, yule mdudu anayetoboa tunda la kahawa, ni shida ya watu wa chini. Zamani ilikua kweli, kuanzia mita 1500 hivi kwenda juu baridi ilikua inamzuia maana huyu mdudu joto likiwa chini ya nyuzi 15 hakui, sa hivi joto limepanda na yeye kapanda nalo. Tena baya zaidi ni joto la usiku, nani analiona wakati watu tumelala? Utafiti wa arabika ya Tanzania uliotoka 2015 ulionyesha joto la usiku likiongezeka nyuzi 1 tu unapoteza kama kilo 137 kwa hekta kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe kwa bei ya leo.

Kumjua sio kazi. Chuma tunda uangalie kwenye kitovu chake, ukiona katundu ka mviringo kama kametobolewa na pini na ungaunga unatoka, basi yumo. Lipasue, utakuta kadudu keusi kasikofika hata milimita 2 na mabuu meupe yanakula buni yenyewe. Na kwa vile anaishi humohumo ndani, dawa ya kupuliza mara nyingi haimfikii, unalowesha majani tu na hela imeenda.

Kinachommaliza ni usafi wa shamba. Chuma kila wiki moja au mbili, usingoje mti mzima uive, halafu msimu ukiisha pita mti kwa mti utoe kahawa zilizokaukia juu na uokote zilizodondoka, hizo ndo nyumba yake mpaka msimu ujao. Zichemshe au zifukie chini kabisa, usizitupe kwenye mboji jamani.

Sasa kivuli, hapa ndo tunaharibu. Watu wanakata miti ya kivuli, mruka na mringaringa, wapate mbao, wengine wameambiwa kahawa inataka jua, wakati arabika asili yake ni msituni Ethiopia na inapenda nyuzi 18 mpaka 22 hivi. Chini ya miti joto la mchana linaweza kushuka hata nyuzi 4, na humo ndo wanakaa nyuki, na pia ndege na sisimizi wanaomla ruhuka. Ila kivuli kisizidi, giza na unyevu vinaleta magonjwa, punguza matawi kabla ya masika jua lipenye vipandevipande. Grevilea weka mpakani, mruka ndani maana unarutubisha udongo, mkaratusi usiulete kabisa unakunywa maji sana. Majani ya migomba tandaza ila yasigusane na shina.

Ukitaka miche mipya waone TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wana aina zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ruhuka lakini hana habari na aina, kwahiyo hata ukipanda hizo, kuokota buni chini kuko palepale.